Siku Marehemu Alipotoa Maoni Kuhusu Mfalme

Mkitaka kunicheka nichekeni sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikifika katikati mtaacha wenyewe. Mimi, mwanamke mzima, mwenye wajukuu wanaovaa viatu vikubwa kuliko vyangu, nilimfanya mume wangu aliyekwisha kuzikwa atoe maoni kuhusu mfalme wa Sweden, mbele ya watu, kahawa ikiwa mezani. Aibu yake mpaka leo nikienda dukani pale Hallunda naiona imetangulia, inanifungulia mlango.

Ugonjwa wangu mnaujua, kuiga watu. Sikusoma, kalamu hainijui, lakini sauti ya mtu ikishaingia sikioni mwangu haitoki. Mchungaji wetu nikimwiga watu wanafumba macho wanataka kuomba, daktari wa hapa nikimwiga ("jaaa, vi får se," yaani tutaona, tutaona, hata kama mguu umeubeba mkononi) watu wanaomba maji. Marehemu Laurenti nilikuwa namwiga mwenyewe yupo hapo hapo, anacheka mpaka anashika mbavu. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anasukuma kabati chumba cha jirani, na kabla ya kusema neno lolote lazima akohoe mara mbili. Khm, khm.

Alifariki mwezi wa tatu. Sasa kwetu sisi, tuliotoka Burundi tukapitia Kigoma, mjane hatoki matangani mpaka ndugu wa marehemu asimame mbele ya watu aseme basi, apumzike. Huyo ndugu ni shemeji yangu Barnabasi, kaka mkubwa wa Laurenti, anakaa Norsborg, mtu wa kunyoosha kila kitu, hata kitambaa cha meza kikikaa upande hawezi kunywa chai. Asiposema yeye, hakuna harusi kwenye ile familia, na binti yangu Espe harusi yake ilikuwa Januari, gauni limeshonwa, ukumbi umeshachukuliwa kule Vällingby. Shemeji akatupa siku ya kuondoa matanga, Jumapili moja ya Desemba. Kwa hiyo kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kukaa ndani na nguo yangu nyeusi, kimya, nisiharibu kitu. Moja tu, jamani!

Jumanne mchana, kabla ya Jumapili hiyo, simu ya Laurenti ikaita. Ile simu yake ya vibonye nilikuwa naichaji kila siku (msiniulize kwa nini, Espe akiniona alikuwa ananiambia, "Mamma, men sluta," mama acha hizo, na mimi naichaji), na tangu azikwe ilikuwa haijaita hata mara moja. Imekaa dirishani chini ya ile nyota ya taa wanayoning'iniza watu wa hapa kila Desemba, inaita, inatetemeka yenyewe inasogea kunifuata mimi, na nje saa tisa giza limeshashuka. Nikapokea. Msichana, Kiswahili cha Nairobi kinateleza kama sabuni:

"Hallo, naweza ongea na Baba Laurenti? Mimi naitwa Makena. Tunapigia watu simu tujue maoni yao kuhusu ufalme wa hapa Sweden, kama uendelee ama uishe."

Nikamwambia mimi ni mke wake, uliza tu mwanangu, maoni ninayo. Na ninayo kweli! Miaka yote nimefagia ngazi za nchi hii hakuna aliyewahi kusimama na kuniuliza wewe mama unaonaje, na jibu langu lilikuwa limeiva siku nyingi: ashukuriwe, aondoke, apewe nyumba ghorofa ya nne na zamu ya chumba cha kufulia kama sisi wote, tuone kama ataiheshimu.

"Pole mama," akasema, "jina lililochaguliwa ni la baba. Siwezi badilisha mtu. Yuko?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema amekufa, yangeisha. Lakini hilo neno nilikuwa nimelisema benki, nimelisema hospitali, nimelisema kila ofisi, na kila ofisi wananijibu pole kama mashine inatoa tiketi, nikalichoka mdomoni. Na yule shetani wangu wa kuiga akaninong'oneza: toa maoni yako kwa mdomo wake, nani atajua? Nikasogeza simu pembeni, nikaita, "Baba Espe! Simu yako!" nikasubiri kidogo kama mtu anayekuja kutoka chumbani, nikakohoa mara mbili.

"Khm, khm. Ndiyo. Laurenti hapa."

Makena akafurahi, akaomba kurekodi, mzee akakubali. Akauliza, ufalme uendelee ama uishe? Nikafungua mdomo niseme uishe. Nawaapia, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mdomo ukasema:

"Uendelee."

Nikataka kurekebisha. Mdomo haukunipa nafasi, ukaendelea taratibu, kwa ile sauti ya kabati:

"Mwami wetu, mfalme wa kwetu Burundi, alipoondolewa mimi nilikuwa mtoto, tuko machungani na kaka yangu. Kaka akafurahi, akarusha fimbo yake juu. Ile fimbo haikurudi chini. Tuliitafuta mpaka ng'ombe wakatupotea. Kwa hiyo wewe binti, kitu cha juu ukikirusha, usiwe na hakika kitaangukia wapi."

Jamani, nimelala na Laurenti kitanda kimoja miaka arobaini na tatu, habari za mwami hakuwahi kuzitia mdomoni, hata nikimchokoza anatoka kwenda kumwagia maua maji. Hiyo fimbo mimi niliisikia siku ile ile, ikitoka kwenye koo langu mwenyewe.

"Wah! Baba, umeongea kitu," Makena akasema. "Jumamosi tuko na mjadala ukumbi wa kanisa Norsborg. Unaweza kuja? Na usipoweza, naweza wekea watu hii sauti yako?"

"Weka," mzee akasema. "Na nitakuja."

Simu ikakatika. Ndipo nikajiona nimekaa kwenye kiti chake, kile ambacho tangu msiba sijakikalia, na simu nimeishika kwa mkono wa kushoto. Mimi ni wa kulia. Wa kushoto alikuwa yeye.

Kumpigia nikanushe nisingeweza, namba ilikuja imefichwa. Nikaamua Jumamosi niwahi, nimkamate Makena mlangoni, nimnong'oneze ukweli, nirudi zangu kabla mtu hajaniona, ni kituo kimoja tu cha treni. Nafika, anayefungua mlango ni nani? Shemeji Barnabasi, kabeba birika, maana funguo za ukumbi anakaa nazo yeye. Akanitazama kuanzia viatu.

"Mama Espe," akasema kwa ile sauti yake ya puani, "matanga hayajaondoka, wewe umeondoka?"

"Nimekuja kusikiliza habari za mfalme, shemeji."

"Mfalme ni ndugu yako?"

Akanikalisha kiti cha nyuma kabisa, karibu na makoti. Watu wakaanza kuingia, Warundi wenzetu, Wanyarwanda, Watanzania, na Espe huyo na mchumba wake, maana walitangaziwa wote kanisani, mimi tu ndiye sikujua kwa kuwa sitoki! Huku nyuma ya vichwa namtafuta Makena, namwona yuko mbele anapanga viti vya wazungumzaji, na cha katikati anakibandika karatasi. Kusoma siwezi. Lakini jina la Laurenti nalijua umbo lake, nimelitazama sana pale kwenye msalaba wa kaburi.

Nikanyanyuka niende mbele. Nikachelewa.

"Karibuni," Makena akasema. "Kuna mzee niliongea na yeye Jumanne, Baba Laurenti wa Hallunda. Naona bado hajafika, lakini alinikubalia niwawekee sauti yake."

Jumanne! Nikaona migongo inanyooka, mmoja mmoja, mpaka mbele. Akabonyeza.

Khm, khm.

Nilijua ni mimi, na haikuwa mimi. Hakuna aliyepumua, na zile taa za ukumbini (mnazijua taa za hapa, zinawaka mtu akitingishika na watu wakitulia zinazima) zikazima. Giza, mchana ule, watu wamejaa kimya, na Laurenti anawaongelesha habari za ng'ombe. Mama mmoja akaanza, "Yesu, Yesu, Yesu," chini chini. Halafu nikamsikia Espe wangu, mwanamke mzima wa kuolewa, sauti yake imekuwa ya miaka mitano: "Pappa?" Halafu tena, "Pappa?"

Hapo ndipo vicheko vyangu vyote vya maisha vilinikauka.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Jamani ni mimi, nilimwiga!"

Taa zikawaka. (Mpaka leo wanabishana nani alitingishika kwanza, maana waliokaa mbele wanasema zilianzia upande wa kile kiti.) Shemeji akaja mpaka nyuma nilipo. Hakukasirika, na mimi ningependa angekasirika. Uso wake ulikuwa kama majivu.

"Habari ya fimbo alikuambia nani?"

"Hakuna mtu, shemeji."

"Nilimwapisha asiseme. Mimi ndiye nilifurahi siku ile, na jioni nikamkuta baba yetu analia. Na Laurenti hakusema miaka yote."

"Sikuambiwa, shemeji. Nakuapia."

"Basi mwite. Kama ni wewe, mwite hapa hapa tumsikie."

Wote wakageuka. Espe wanja umemtiririka mpaka kidevuni. Na mimi nikaona nilivyonaswa: nikishindwa, watasema marehemu anatembea, na marehemu anayetembea haondolewi matanga, nikiweza, watasema mjane amemchezea mumewe kabla matanga hayajaondoka. Kote kote harusi ya mwanangu hakuna. Nikakohoa mara mbili. Nikafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya bibi kizee. Yangu. Nikajaribu tena, nikaitafuta kule chini ninakoiwekaga, nikakuta peupe, kama chumba walichokwisha kuhamisha kabati, imebaki alama tu sakafuni. Mara ya tatu kilichotoka ni kilio, na tangu mazishi nilikuwa sijalia, nilikuwa naiga tu.

Shemeji akageukia watu.

"Lilikuwa limembaki neno," akasema, na puani humo sauti ikamkatika. "Amelitoa. Hatungoji Jumapili. Laurenti, ndugu yangu, ulikuwa na haki kunisema. Basi. Pumzika."

Akaenda mbele, akabandua ile karatasi kitini, akaikunja pembe kwa pembe (mnamjua), akaitia mfuko wa shati. Ndivyo matanga ya mume wangu yalivyoondolewa, kwenye mjadala wa mfalme, na Makena katikati amesimama anatetemeka kama simu.

Harusi ilifungwa. Espe ile rekodi aliiomba, huwa anaisikiliza, na akiisikiliza mimi natoka nje hata kama kuna theluji. Wengine wote bado nawaiga. Yeye siwezi, hata kile kikohozi kinatoka cha mafua tu.

Siku ile nilimfuata Makena mlangoni. Nikamwambia mwanangu, basi lifute jibu lake, weka langu: uishe.

"Siwezi, mama," akasema, macho mekundu. "Majibu hayana majina, yameshachanganywa na ya wengine. Na jina lako bado halijachaguliwa."

Kwa hiyo nimekoma. Simu ya marehemu iacheni iite mpaka ichoke, na maoni yako, kama hujaulizwa, usiyapitishe kwenye mdomo wa mtu mwingine, atapitisha yake. Siku hizi nikienda mjini, basi likipita pale kwenye nyumba kubwa ya mfalme na wale askari wake wanaosimama kwenye baridi, namwambia polepole kwa sauti yangu hii hii ya bibi kizee: kaa tu, bwana mkubwa, lakini wakikusomea wangapi wanakutaka, ujue mmoja yuko makaburini. Na mimi bado sijaulizwa. Simu yangu naichaji.