Buibui wa Nyuma ya Kabati

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafagia kuta za nyumba yangu hapa Buhongwa nikakuta, nyuma ya pazia, kile kiduara cheupe ambacho buibui wa ukutani huacha akishataga. Mnakijua: chembamba kama karatasi ya sigara, kimebanana na ukuta utadhani kimegundishwa. Utotoni tulikibandua tukakibandika kwenye jeraha la kidole kuzuia damu. Nilishusha ufagio. Masikioni mwangu balafoni ya Mwalimu Kulwa ilikuwa imeanza kuvuma.

Mwalimu Kulwa alikuwa mpangaji wetu kule Nyegezi. Alikuwa amepiga saksafoni miaka mingi Afrika Magharibi, akarudi na marimba kubwa ya watu wa huko wanayoiita balafoni: mbao zimepangwa juu, vibuyu vinaning'inia chini yake. Jioni alitufundisha watoto wa mtaa barazani kwetu. Sisi tulipiga balafoni, yeye akaingiza saksafoni juu yetu, na wimbo wa kijijini wa kule ukageuka jazi hapo hapo tukiusikia, ukizunguka bila haraka kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki. Nilikuwa na miaka kumi na niliupenda kuliko kula.

Tatizo lilikuwa jina lenyewe. Kwa wazee wa kanisa, jazi ilikuwa muziki wa baa. Mvua zilikuwa karibu, baraza letu lilivuja, na mwalimu alikuwa ameomba tutumie ukumbi wa kanisa. Mzee Lameck, mkubwa wa wazee wale, alisema watatusikiliza kwanza Jumapili mchana. Wakiridhika, ukumbi wetu. Wasiporidhika, mwalimu angehamia Bukoba, alikokuwa ameshaitwa kufundisha, na balafoni yake ingeondoka naye.

Sasa niwaambie kuhusu mama. Mama alikuwa na sifa ya usafi mtaa mzima. Akiingia kwa mtu, macho yake yalianza na dari. Asubuhi ya Jumapili hiyo, kwa nia njema kabisa, alichukua kitambaa na maji ya sabuni akaisafisha balafoni. Kila kibuyu kilikuwa na tundu dogo, na juu ya kila tundu kumebandikwa utando wa buibui, kiduara cheupe kama kile cha ukutani. Mama aliona hayo ndiyo matokeo ya mwanaume kukaa bila mke. Aliubandua wote akautia motoni.

"Mwalimu, nimekusafishia chombo chako," alisema, "kisiende mbele za watu na taka."

Mwalimu alipiga ubao mmoja. Ulitoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Akapiga wa pili, nao ukabisha hodi. Ndipo akatueleza, taratibu, kwamba ule utando ndio uliokuwa ukitetemeka na kuipa balafoni mvumo wake; bila huo, ni mbao tu. Hakugomba. Afadhali angegomba, maana mama aliketi kwenye kigoda akashika kichwa, na mimi nikamwona mwalimu ameshafika Bukoba.

"Mama Rebeka, usijali," alisema. "Tutafute mwingine. Kwani nyumba gani haina buibui?"

Kumbe hakuwajua wanawake wa Nyegezi. Mama alijitanda khanga, tukatoka mimi na yeye kupiga hodi kwa majirani, na kila mlango ulijibu vilevile. Nani angemkubalia mama yangu, mkaguzi wa dari za watu, kwamba kwake kuna buibui?

"Buibui? Kwangu mimi?" aliuliza Mama Sayi wa nyumba ya pili, akisukuma mlango wa stoo kwa kisigino. "Labda huko kwa wengine."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na njia nzima hakuna aliyetuambia. Tulirudi mikono mitupu. Mama alisimama uani kidogo, kisha akanivuta chumbani kwake akafunga mlango.

"Shika upande huo," alisema.

Tukalisogeza kabati la nguo alilokuja nalo siku ya harusi. Nyuma yake ukuta ulijaa viduara vyeupe, vikubwa kwa vidogo, vya ukoo mzima wa buibui waliolelewa kwa amani. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Bandua polepole," aliniambia. "Na Mama Sayi asijue."

Mchana tulipiga ukumbini mbele ya wazee na majirani, na mvumo ulikuwa umerudi wote. Saksafoni ilipoingia, mguu wa Mzee Lameck ulianza kutikisika, akaukaza, ukamshinda. Tulipomaliza alikuja akainama kuvichungulia vibuyu.

"Hiki kinachovuma humu ni nini?"

"Utando wa buibui, mzee," mwalimu alijibu.

"Mmeupata wapi?"

Mama Sayi aligeuka akamtazama mama. Mwalimu alifungua mdomo, nafikiri ili adanganye kwa heshima, lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Nyuma ya kabati langu, mzee."

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Sayi alicheka kuliko wote, kisha akasema hata stoo yake haikosi, mwalimu apite achukue. Mzee Lameck, akijifuta machozi, alisema ukumbi tumepewa. Nikajikuta nimekumbatia kibuyu.

Siku ile nilidhani tumeokolewa na buibui. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipopata nyumba yangu na majirani wa kuichungulia. Mama alikuwa na jambo moja tu lililompa jina mtaani, na alilitoa mbele ya kanisa zima ili mimi niendelee kupiga.

Jana alikuja kunitembelea. Macho yake yalianza na dari, kama kawaida, yakashuka hadi kwenye kile kiduara nilichokiacha, pazia likiwa wazi. Nikangoja. Alilivuta pazia likakifunika, akauliza kama chai ina tangawizi.