Thamani ya Beki Aitwaye Mlango

Ni sauti kavu, ya kile kisahani cheusi cha mpira kinapogonga ubao wa pembeni ya uwanja wa barafu. Jirani yangu hapa Ixelles huangalia marudio ya mechi za Amerika kila Jumapili asubuhi, na ukuta wetu ni mwembamba. Nikiisikia, hata kama nimeshika kikombe cha chai, vidole vinakaza. Nina watoto wawili sasa, na bado ninayo hasira ya msichana wa miaka kumi na mmoja.

Msinicheke. Sisi watoto wa Bukavu tuliokulia ughaibuni, mtaa wa Koekelberg, hatukuwa na sababu yoyote ya kupenda mpira wa magongo wa barafuni. Aliyetuletea ni binamu yetu Grâce, wa Montréal, alipotufungulia mchezo kwenye simu. Kila mtoto wa ukoo alimiliki timu ya wachezaji wa kweli. Wakicheza vizuri kwao, wewe unapata pointi, na mnaweza kubadilishana wachezaji mkikubaliana. Atakayekuwa mkiani siku ya Bonane, yaani mwaka mpya, ataosha sufuria zote za sherehe ya nyumbani kwao.

Mimi nilikuwa na beki mmoja Mfini. Jina lake lilitushinda, tukamwita Mlango, maana waliofika kwake walikuta pamefungwa. Niliamka kabla ya shule kumtazama, blanketi mabegani. Ilikuwa nadra sana afunge, lakini kuzuia nako kulikuwa na pointi zake, na mimi nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa hana haraka.

Trésor alimtaka. Alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa Tonton Bosco, kaka mkubwa wa papa, yaani baba yangu. Tuliishi nyumba moja, wao chini, sisi vyumba viwili vya juu. Wiki nzima alinivizia kwenye ngazi. “Beki hafungake, Neema. Muntu hafungake, sasa ni wa nini?” Akaniahidi washambuliaji wawili, nami Jumamosi asubuhi nikakubali. Jioni Grâce akaniandikia kwamba mmoja wao alikuwa amechanika goti tangu Ijumaa, msimu umekwisha kwake, na kwamba Trésor alishamuuliza habari hiyo kabla sijakubali.

Kesho yake nilimwita mwizi mbele ya wageni waliotoka kanisani. Basi wakubwa wakakaa sebuleni kwa Tonton kupima thamani ya beki, watu ambao hawakuwahi kukanyaga barafu ila ile ya njia ya kwenda kituo cha Nord. Mama mmoja wa kwaya akauliza mtu huyu kazi yake nini. Nikasema anazuia. Akafikiri, akasema basi ni kama mlinzi wa duka, utamjua kazi yake siku asipokuja, na washambuliaji wawili wazima wangetosha, ila si mmoja mzima na mmoja kilema. Tonton akasema mfungaji ni mfungaji hata akiwa kitandani. Wengi walicheka wakiwa upande wangu. Nikajua nimeshinda.

Papa akasafisha koo. “Neema, omba yaya yako pardon. Bon. Imeisha.”

Yaya ni mkubwa wako, na Trésor alikuwa mkubwa wangu, nikampigia magoti kwenye zulia lao. Trésor aliupokea msamaha huku akitafuna ndazi.

Tangu siku ile nilianza kusoma. Sikusoma magoli kama yeye, nilisoma miguu. Nikamchukua beki mwingine, kijana anayefunga mpaka watu wanasimama, tukamwita Bijou. Nilimtazama asubuhi baada ya asubuhi, nikagundua siri yake: alikimbilia mbele kwa sababu mwenzake wa nyuma, mzee mmoja asiyesifiwa, alibaki kumfunikia makosa. Kiangazi mzee yule akahamia timu nyingine. Trésor aliiona habari hiyo, haikumwambia kitu. Yeye alikuwa anahesabu magoli.

Nilijifanya sitaki kumwachia Bijou. Tukabishana siku nne, yeye akipandisha dau, mimi nikisikitika. Mwishowe alinirudishia Mlango na kuniongezea washambuliaji wawili, wazima safari hii, nilihakikisha kwa Grâce. Kufikia Novemba Bijou alikuwa anaangukia makalio uwanjani kila mechi, na Trésor alikuwa anateremka. Ah, utamu ule. Nilikuwa nampa salamu kwenye ngazi kwa adabu sana.

Siku ya Bonane alikuwa mkiani. Wageni arobaini, bugali umegandia kwenye sufuria, majani ya sombe yamerukia ukutani. Nilimfunga aproni mwenyewe. Nikasimama mlangoni mwa jikoni nikimletea sufuria moja moja, na wageni wakija kutazama niliwaeleza thamani ya beki, taratibu, jina la Trésor ndani ya kila sentensi. Macho yake yakajaa maji. Nikamletea nyingine.

Ndipo papa akaingia. Akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akamtoa Trésor kwenye sinki. “Wacha, mutoto. Nitamaliza miye.”

Akaosha zote, mbele ya watu, papa ambaye nyumbani hakuwahi kuosha kijiko. Tonton alipita mara mbili, akaangalia. Mimi nilimchukia papa kwa kuninyang’anya kisasi changu. Sikumsemesha kwa siku tatu.

Mwaka jana ndipo mama alinieleza, papa akiwa ameshatutoka. Anwani yetu kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, na kadi zetu za kukaa nchini, zilisimama juu ya saini ya Tonton. Asubuhi ile ya Bonane karatasi ilikuwa mezani kwake, na alikuwa amemwambia papa kwamba atasaini siku mtoto wake atakapoacha kudharauliwa ndani ya nyumba yake. Alisaini Jumatatu.

Kumbe Trésor, niliyemliza, alikuwa mtoto tu kama mimi. Aliyenipigisha magoti, na aliyemsimamisha papa kwenye sinki, alikuwa Tonton Bosco. Tulimzika kwa heshima zote, miaka sita kabla sijajua. Mimi ndiye niliyesoma somo kanisani, na nililisoma vizuri.