Manjano Kwenye Nyama Choma ya Pasiansi

Nakumbuka miaka ile ya soko huria, baa zilipofunguliwa kila kona ya mtaa wetu wa Pasiansi, nami nina jiko moja tu la nyama choma. Jiko hilo ndilo lililolisha wanangu. Na nyama kwetu, mwanangu, ilikuwa chumvi na moto, basi. Ukitia viungo, watu wanasema unaficha harufu ya nyama iliyolala.

Siku moja jirani yangu Mama Yasmini, Mhindi mwenye duka la viungo, alinikuta namkatia mteja vipande vilivyoungua. Akaguna.

"Binti, huo weusi si utamu. Kwetu nyama haioni moto kabla haijapakwa manjano, kitunguu saumu na ndimu."

"Kwa nini, mama?"

"Mama yangu alisema moto mkali hutia nyama sumu, viungo huipunguza. Alijuaje? Hata mimi natamani kujua."

Loo, maneno hayo yalinikosesha raha! Kuuliza si ujinga, lakini kuona ni kuona. Kesho yake nikaweka vipande viwili kwenye moto uleule. Kikavu kikaungua kingo, cha viungo kikaiva kahawia, kinanukia mpaka barabarani.

Basi nikapaka nyama yote. Mzee Masanja, mteja wangu wa kila siku, akaona ule unjano. "Binti, leo umetuletea ya juzi?" Wenzake wakaanza kuinuka. Nikawaza watoto watakula nini. Nikashusha paja bichi lililoning'inia. "Shikamoo mzee, nusa kwanza."

Akanusa. Nikalipaka viungo mbele ya macho yake, nikachoma. Alikula, akalamba vidole. "Kesho tena. Ila nitanusa!" Tangu hapo kwangu kila mteja alinusa kwanza, na jiko halikuzimika.

Juzijuzi mjukuu wangu anayesomea lishe kaniambia wataalamu wamepima: nyama ikiungua hutoa vitu vya kudhuru, na viungo kama hivyo huvipunguza, ingawa haviviondoi vyote. Nilicheka, kisha nikalia. Mama Yasmini alishafariki, na jibu lake limefika.

Kwa hiyo, mwanangu, paka viungo mapema, usiache ndimi za moto zilambe nyama, weusi ukate utupe. Anayekushuku usimgombeze, mpe anuse. Na Mungu akujalie majirani wa kukugunia, na maisha marefu ya kusikia majibu yako.