Kuluthumu na Mkanda wa Kupandia Miti

Mtu akinichekea kabla hatujafahamiana, kitu cha kwanza ninachofanya ni kushika mkoba wangu. Ndivyo nilivyo, na mume wangu Anakleti amenivumilia hivyohivyo miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo nikisimulia habari za Kuluthumu, fundi wa ngozi wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora mjini, nataka ieleweke mapema kwamba mwenye makosa ni mimi. Msinikatize.

Sisi ni watu wa Ulyankulu. Tunalima mahindi na tumbaku kidogo, na Anakleti anarina asali. Mizinga yake ameitundika juu kwenye miti ya mininga, na mrinaji akifika kule anahitaji mikono yote miwili, mmoja wa moshi na mmoja wa kisu. Kinachomshikilia ni mkanda wa ngozi unaozunguka kiuno chake na mti. Ukikatika, basi. Mwaka jana ule wa zamani ulianza kupasuka, nami nikabeba ngozi ya dume letu wenyewe la ng'ombe, ngozi nzuri iliyokwisha kulainishwa, nikaenda mjini kushonesha mwingine.

Walinielekeza kwa Kuluthumu. Nikamkuta mwanamke wa miaka sitini hivi, mwembamba, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, kajitanda khanga na kuinamia mashine kubwa nyeusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Hapohapo nikamtilia shaka. Fundi gani hamwangalii mteja?

Akaipapasa ngozi hapa na pale. Akauliza mume wangu ana uzito gani. Swali gani hilo kuhusu mume wa mtu? Nikajibu, lakini moyoni nikaliweka. Kisha akakata mkanda, akaukunja kuzunguka pete ya chuma na kuongeza kiraka, ili mahali pale pawe na ngozi tatu, akapapigapiga kwa nyundo. Mpaka hapo sawa. Ghafla akashika pembe ya ngozi iliyobaki, akakata kipande chenye urefu wa kidole, akakitia mfukoni mwa aproni yake.

Jamani! Damu ilinichemka. Kipande kile hakitoshi hata kuziba kiatu cha mtoto, sasa anakitakia nini? Ngozi ambayo mume wangu ataning'inia juu yake, mtu anaimega na kuficha, na uzito wa mwenyewe ameshauliza! Tunajua huku kwetu watu wanavyopelekana kwa waganga.

"Rudisha kipande changu," nikasema.

"Nina kazi nacho."

"Kazi gani? Kwa mganga gani?"

Sasa ndiyo akainua uso. "Mama, chunga ulimi wako."

"Mchawi we!" nikapiga kelele, na mimi nikipiga kelele napiga kweli. Watu wakajaa mlangoni, hata muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara akaacha mihogo yake. Kuluthumu akakitoa kile kipande, akakiweka juu ya ngozi yangu, akanisukumia vyote. "Kazi yangu simwelezi mtu anayenitukana mlangoni kwangu," akasema. "Nenda kwingine."

Nikaenda mtaa wa Gongoni kwa fundi mmoja anaitwa Awadhi. Huyo alikuwa mcheshi! Karibu dada, kaa dada, kunywa soda dada. Siku nyingine kicheko kile kingenifanya nishike mkoba, lakini hasira zilikuwa zimenipofusha. Mashine yake ni ya mota. Trrrr, dakika kumi, mistari mitatu ya mishono. Ilipofika penye ngozi tatu mashine ikaguna, akaisukuma kwa mkono, ikapita. Nikaangalia kazi. Penye ngozi moja mishono ilikuwa imeachana, na pale inapoanza kupanda penye unene imesongamana, tundu juu ya tundu. Nikafurahi kabisa! Nikasema huyu ndiye fundi, mahali penye kazi ngumu ameshindilia.

"Hapo nimekuwekea mingi, dada," akasema Awadhi.

Na mimi nilivyo, nikapita tena Ng'ambo makusudi, mkanda begani, ili yule mama auone. Akauona. Alitoka mbio mpaka barabarani, miwani ikimcheza puani, akaushika, akapitisha kidole kwenye ile mishono.

"Mama, simama. Mkanda huu usimpe mtu apandie. Ataanguka."

"Ushindwe kwa jina la Yesu!" nikamjibu, nikamnyang'anya mkanda na kwenda zangu.

Ungekuwa wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia laana. Nyumbani nikamwambia Anakleti kwamba kuna mwanamke mjini amemwonea kijicho, nikachukua maji ya baraka, nikaunyunyizia mkanda mara tatu. Habari ya mishono sikumwambia, maana sikujua kuna habari ya mishono.

"Rosalia, unaubatiza?" Anakleti akacheka.

Kesho yake akapanda. Mimi nilikuwa chini na ndoo. Nikasikia sauti kama ya khanga inachanwa, kisha matawi, kisha Anakleti yuko chini mbele yangu na mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Alilazwa wiki tano, plasta mpaka nyongani. Kila aliyekuja kumpa pole nilimwambia: alisema ataanguka, ameanguka, mnataka ushahidi gani tena? Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani Anakleti akaniambia, "Nenda kamwulize alijuaje." Nikamwambia siendi kuuliza, naenda kumshika koo. Nikaubeba mkanda uliokatika, nikaenda.

Sikumwamkia. Niliutupa mkanda juu ya mashine yake, nikafungua mdomo, lakini akaniwahi.

"Yuko hai?"

Aliuliza kabla hajautazama hata mkanda. Nikajikuta namjibu. "Yuko hai," nikasema. "Mguu umevunjika mara mbili."

"Alhamdulillahi," akasema, akanisogezea kigoda. "Kaa, mama."

Akaunyanyua mkanda kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa umekatika pale pale kwenye ile mishono niliyoipenda. Akaniambia nihesabu matundu kwa upana wa kidole gumba. Penye ngozi moja, manne. Pale unene unapoanza, kumi na moja.

"Hii si nguvu," akasema. "Ngozi ukiitoboa hivi unaiandaa ichanike, kama tiketi."

Kisha akanionyesha. Kuna kiguu cha chuma kinachoibana ngozi chini ya sindano. Kikikuta unene, pua yake inapanda juu na kisigino kinabaki chini. Kikishainama hivyo ngozi haisogei, na sindano inapiga palepale, palepale. Akachukua kipande cha ngozi chenye urefu wa kidole, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya kisigino cha kile kiguu. Kiguu kikalala sawa. Akazungusha gurudumu kwa mkono, na mishono ikapanda penye unene bila kubadilika hata kidogo.

"Lazima kiwe cha ngozi hiyohiyo," akasema, "ili unene ulingane. Na uzito wa mumeo niliuuliza nichague uzi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na bado, mtu mwenyewe nilivyo mkaidi, nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile.

"Uliniita mchawi." Hakupandisha sauti. "Mimi ni mjane, mzee, naishi peke yangu. Unajua neno hilo linawafanya nini wanawake kama mimi huku kwetu? Tangu siku ile nusu ya wateja wangu wanapita upande wa pili wa barabara. Nilikasirika, mama. Ningetuliza hasira nikakueleza, mguu wa mumeo ungekuwa mzima. Hilo nalifikiria kila siku."

Yeye ndiye anajilaumu! Nilishindwa kukaa. Nikatoka nje, nikasimama palepale nilipomtukania, nikasema kwa sauti ileile: jamani, mimi ndiye niliyemwita mama huyu mchawi, nilisema uongo, mume wangu kaanguka kwa ujinga wangu mwenyewe. Safari hii watu hawakujaa. Muuza mihogo aliniangalia, akaendelea kumenya.

"Ingia ndani, unanipigia kelele," Kuluthumu akaniita. "Mkanda mwingine atavaa nani?"

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Mizinga kumi na mmoja imejaa, msimu unakwisha, na asali ile ndiyo inayotufikisha mpaka mavuno. Shemeji yangu Sixbert alijitolea kurina, lakini ndoo ikienda na Sixbert inarudi nusu.

"Mimi," nikasema.

Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. "Una uzito gani?"

Nikamtajia.

"Sema kweli, mama, hapa si harusini."

Nikasema kweli.

Akachukua ngozi yake mwenyewe, akakata mkanda na kipande cha kutia chini ya kisigino, akashona huku akinisimulia. Baba yake alikuwa mshona viatu, hakuwa na mtoto wa kiume aliyeweza kuvumilia kukaa, kwa hiyo tangu ana miaka tisa yeye ndiye aliyemzungushia gurudumu. Alipoolewa, mumewe hakutaka mke anayenuka ngozi, na mashine ikafunikwa shuka miaka kumi na tisa. Siku eda ilipokwisha aliifunua, akaitia mafuta. Aliyasema hayo bila kujisifu, na alipofika penye unene akaacha kukanyaga pedali, akaenda kwa mkono, tundu moja moja. Sitadanganya: kile kipande alipokitia mfukoni, macho yangu yalikifuata. Akaniona.

"Usiniamini mimi," akasema. "Hesabu."

Nikahesabu. Manne kila mahali.

Nilipanda mninga siku nne baadaye. Anakleti alikaa chini kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya ndoo, na majirani walikuja kutazama, maana kwetu mwanamke hapandi. Nikafika kwenye mzinga. Nyuki wanavuma, moshi unaniingia machoni, nami nimeukumbatia mti kwa nguvu zangu zote.

"Achia mikono!" Anakleti akaita.

"Siwezi!"

"Sasa utarina na meno? Achia!"

Na hapo, juu kabisa, ile akili yangu mbaya ikaniambia: Rosalia, ulimharibia jina mbele ya mji mzima. Angetaka kukulipa, hapa ndipo angekulipia, na hakuna mtu angejua. Kisha moyoni nikamwona Kuluthumu kwenye mashine yake, siku ile aliponiuliza, "Yuko hai?"

Nikaachia mkono wa kushoto. Kisha nikaachia wa kulia.