Saa za Kutoka Mwanza

Mjomba nilianza kumshuku alipoahirisha mara ya kwanza kuja kwenye posa yangu, akasema ana malaria. Mara ya pili, tiketi za ndege kutoka Mwanza, anakoishi, zilikuwa zimeisha. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na posa haijibiwi bila mjomba. Baba anaweza kukubali mpaka achoke, neno bado ni la mjomba. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilijua kabisa kwamba mzee huyu hataki niolewe.

Kwa hiyo mara ya tatu nilimpigia hesabu. Nafundisha jiografia, umbali ndio kazi yangu. Kwa njia ya anga, Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita mia nane na ushee, na ndege haimalizi saa moja na nusu. Alisema angeruka saa mbili asubuhi. Nikampa saa mbili za mizigo na foleni ya kwenda stesheni, saa mbili na ushee za kusubiri na kupanda treni ya umeme, nusu saa ya bodaboda hadi nyumbani kwa mama, Mafiga. Akipitisha saa tisa ni mwongo, na nitamwambia hivyo mbele ya wageni.

Wageni walifika saa nane: mchumba wangu, ambaye naye anafanya kazi Mwanza, na mshenga wake. Mama akawapa chai na viazi vya Mgeta. Mimi nilikaa jikoni na simu mkononi, nimeshakasirika kabla hata ya kukosewa.

Saa nane na dakika arobaini mjomba aliingia na mfuko wa dagaa. Nilimwamkia kwa aibu. Akaitikia, kisha akamtania mama kwamba siku hizi Mwanza ni jirani: chai kanywa kwake, ugali kaja kula kwa dada yake.

Kila mtu alicheka isipokuwa mchumba wangu. Nikamtazama. Kwa miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi, alinitumia picha ya dirisha la ndege Ijumaa asubuhi, na kwangu Kilakala, mji huu huu wa mama, alifika Jumamosi mchana. Ndege imechelewa, alikuwa akisema. Mjomba nilimpimia kila dakika. Huyu sikuwahi kumpimia hata moja, kwa sababu nilimpenda.

Siku ya posa binti hazungumzi. Nilizungumza.

"Ukitoka Mwanza Ijumaa asubuhi, usiku unalala wapi?"

Alisema Dar, kwa rafiki yake. Mshenga akainamia kikombe chake. Mjomba aliweka mfuko wa dagaa chini taratibu.

"Huyo rafiki," akamuuliza, "mmezaa watoto wangapi?"

Nilingoja mchumba wangu akasirike, au acheke. Alikuwa anahesabu.