Timu Iliyoshinda Bila Kucheza

Timu ambayo haikusajiliwa, haikuvaa jezi wala kugusa mpira ilitangazwa bora kwenye mashindano ya Kibera na Kawangware.

Mara tatu.

Aliyesababisha hayo anaitwa Kavoi, wa Laini Saba. Alikuwa amesoma coding, yaani kuandika programu za kompyuta, wiki chache kwa darasa la bure la kanisa, lakini WhatsApp yake tayari ilisema "Software Engineer". Ukimsalimia niaje, anakujibu kama mtu umemtoa mkutanoni.

Kwa hivyo Mama Ciru, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha kule Kawangware aliyedhamini mashindano ya wasichana, alipotafuta mtu wa kupanga matokeo, Kavoi alisimama kabla mama huyo hajamaliza kuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila kanda, yaani Kambi Muru, Makina na Kawangware, ilikuwa na orodha ya timu zilizotolewa. Orodha tatu ndani ya orodha moja kubwa. Kompyuta ipitie kila kanda, ichague timu yenye tofauti kubwa zaidi ya mabao, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa. Hiyo ndiyo ingepewa nafasi ya pili ya kucheza, Jumapili.

Dadake Kavoi, Mukai, alikuwa kapteni wa timu ya Kambi Muru iliyofungwa bao moja tu. Alimwomba aijaribu hiyo programu kwanza.

Kavoi akamwambia mambo ya kompyuta awaachie wenyewe.

Jumamosi, mbele ya watu wote, akabonyeza.

Kambi Muru: Laini Saba Stars, sifuri.

Makina: Laini Saba Stars, sifuri.

Kawangware: Laini Saba Stars, sifuri.

Laini Saba Stars ni timu ya Kavoi. Ya wanaume.

Watu walisema wizi wa kura wameuona mwingi, lakini huu hata haukujisumbua kujificha. Mukai alivua kitambaa cha ukapteni, akakiweka juu ya laptop, akaondoka.

Hicho kitambaa kilimuuma Kavoi kuliko matusi yote.

Akarudi kwenye code, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta. Kumbe alikuwa ameiambia kompyuta ianze kuhesabu sifuri kama namba kubwa zaidi, na jina la kujaribia akaweka la timu yake. Sasa timu iliyofungwa ina hasi: hasi moja, hasi tatu. Hakuna hasi inayoweza kuipita sifuri. Basi sifuri ikakalia kiti kila kanda, na jina la timu yake likakaa nayo.

Akarekebisha, kila kanda ianze na timu yake ya kwanza. Kwa Kambi Muru ikawachagua akina Mukai, hasi moja.

Alienda kwa Mama Ciru akaeleza yote.

"Matokeo nimeyakubali," Mama Ciru alisema. "Wewe ndio sijakukubali."

Jumapili Kavoi, akiwa nje ya ua wa uwanja, alimtazama dadake akicheza. Akina Mukai wakashinda.

Hapo ndipo jamaa wa shati lililopigwa pasi vizuri alimkaribia, kadi ya mawasiliano mkononi. Alikuwa anamfanyia kampeni mheshimiwa fulani.

"Wewe ndiye ulifanya timu ishinde na haikucheza?"

Kavoi akajitetea kuwa ni kosa tu la mtu anayeanza, na ashalirekebisha.

Jamaa alisikitika kweli kweli.

"Ukarekebisha ya nini sasa?"

Akarudisha kadi yake mfukoni, akaenda zake.

Funzo ni hili: ukitafuta aliye mkubwa zaidi, anza na walioko uwanjani. Usianze na jina lako.