Skrubu Isiyosikia

Nilikuwa katika wiki ya mwisho ya praktik, yaani kazi ya majaribio, kwenye karakana moja ya vifaa vya umeme kule Jordbro, Sweden. Ikiisha, msimamizi angeamua kama nabaki. Kazi ile niliitaka sana.

Siku hiyo nilipewa kazi iliyoonekana ya mtoto: washa kigeuza umeme, geuza skrubu ndogo mpaka mita isome volti kumi na mbili. Nikawasha, mita ikasoma kumi na sita. Nikageuza skrubu kushoto, kumi na sita. Kulia, ikapanda. Nilikasirika. Skrubu gani hii isiyosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini?

Jirani yangu wa meza, Mganda mtu mzima aliyekimbilia Sweden zamani, akachungulia.

"Mama, mzigo wake uko wapi? Ile rezista kubwa ya kula umeme?"

"Nimeitosha, iko pale kando. Kwetu Bukavu njo tunafanyaka vile. Courant ya umeme ikirudi, vitu vyote vikuwe vimezimwa, isiunguze frigo."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza: kifaa hiki hukata na kurudisha umeme haraka mno, huku kikipima kinachotoka, kikiona umezidi, kinapunguza. Lakini kupunguza kuna mwisho wake. Hata ule umeme kidogo unaobaki, usipotumiwa na kitu, hujaa na volti hupanda. Sikuelewa hata nusu. Maisha yangu yote mzigo ndio uliosumbua umeme, leo naambiwa ndio unaoutuliza!

Nikarudisha rezista. Kumi na tatu. Skrubu kidogo tu, kumi na mbili, ikatulia. Nilipogeuka, msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Jaha," alisema, ile "aha" ya Kiswidi, akaenda zake.

Jaha ya kuridhika au ya kunifukuza? Ijumaa ilifika, akanitakia wikendi njema, basi. Nikamuuliza Mganda kama nimebaki.

"Hawa watu hawasemagi," alinijibu.

Jumatatu nilivaa koti, nikalivua, nikalivaa tena. Niende kwa nani, na sijaambiwa nimebaki? Treni ikaniacha. Nilipofika, msimamizi alikuwa mlangoni, amekunja uso, anaonyesha saa.

"Du är sen." Umechelewa.

Mtu asiyengojewa haambiwi amechelewa. Niliomba radhi huku nacheka na machozi yananitoka, naye akanitazama kama anayemwona mwendawazimu.